Askari Asiyekula

Asanteni, karibuni. Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na intaneti kafe moja karibu na nilipopanga, kompyuta kumi, feni moja, unalipia kwa saa. Ukielewana na mwenyewe, anakufungia kwa ndani mpaka alfajiri. Humo ndimo nilimojifunzia Age of Empires ya pili, ile ya 1999, gemu la kompyuta la kujenga himaya na kupigana vita. Kwa hiyo nyie vijana mliokaa nyuma mkidhani mzee kaja kuwasema, tulieni. Mimi ni mraibu mstaafu.

Magemu haya yana faida, na faida ya kwanza siyo ile inayotajwa sana. Watu husema yanafundisha kupigana. Mimi yalinifundisha kwamba vita huanza shambani. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50. Ukikimbilia kutengeneza askari ukasahau wakata kuni na wachimba dhahabu, jirani yako atakutembelea na majeshi ambayo hujawahi kuyaona. Wapo watu wazima wenye maduka ambao somo hilo halijawaingia.

Halafu kuna ramani. Mpwa wangu anacheza Europa Universalis IV, gemu la kampuni ya Paradox ya Uswidi, la 2013. Linafunguka Novemba 1444, na pwani yetu imo: unaweza kuwa sultani wa Kilwa. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, Sofala ni wapi hasa, na kwa nini kila mtu anaitaka?" Nimefundisha historia miaka mingi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza habari za Sofala bila kuwa na mtihani kesho yake. Tukakaa sebuleni mpaka chai ikapoa, tukizungumza Sofala ya pwani ya Msumbiji, dhahabu ya bara iliyopitia hapo, vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa Kilwa, na Wareno walivyoingia 1505.

Lakini gemu hilohilo lina jambo linaloniudhi. Biashara yake inapita kwenye mishale, na kila mshale una upande mmoja tu. Mali hutiririka, hutiririka, mpaka inaishia vituo vitatu: Venice, Genoa na mlango wa bahari wa Uingereza. Uwe sultani hodari namna gani, uteke bahari yote ya Hindi, mshale hugeuzi. Utaweza kuzuia mali isipite, lakini kuivuta kutoka Ulaya ije Kilwa, haiwezekani. Na jahazi linang'oa nanga mwezi wowote, kana kwamba kaskazi na kusi ni majina ya mitaa. Mtengenezaji aliujua mwisho wa historia kabla hajachora mwanzo wake, akauchimbia mfereji. Mchezaji anadhani anachagua, kumbe anateremka na maji.

Adui wa kompyuta nitampitia haraka. Kwenye Civilization, gemu jingine la kujenga himaya, ukipandisha ugumu hadi juu kabisa, usidhani kompyuta imeongezewa akili. Imeongezewa mtaji. Kwenye bao kete ni 64, zote ziko mbele ya macho ya watu wawili na watazamaji kumi wasioombwa ushauri. Jaribu kujiongezea kete moja pale barazani uone.

Sasa nije kwenye lililonileta. Katika Age of Empires ile ya 1999, askari wa mwanzo kabisa analipiwa chakula 60 na dhahabu 20. Ukishalipa, umemaliza. Hali tena mpaka afe. Umpeleke msituni, jangwani, umwache amesimama mvuani, hana njaa, hana kuhara, wala hakimbii. Tanga, Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 kutoka India. Waliokuwa wakiwasubiri upande wa Wajerumani hawakufika robo yao. Risasi zikalia, nyuki wakatoka mizingani, na vikosi vizima vikatimua mbio kurudi baharini. Kikosi cha kwenye skrini hakina mtu wa kuogopa nyuki.

Baada ya Tanga vita viliendelea nchini humu na majirani miaka minne, na mbung'o walimaliza farasi, punda na ng'ombe. Mzigo ukabaki kwa nani? Kwa mtu. Karibu watu milioni moja walichukuliwa na upande wa Waingereza kuwa wapagazi. Hesabu yao rasmi inataja waliokufa wapatao 95,000. Kariakoo tunayokwenda kununua vitenge imepata jina kwa kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na Kariokor ya Nairobi vilevile. Nitajieni gemu ambalo mpagazi anaonekana.

Nisiwaonee watengenezaji. Hearts of Iron IV, gemu la Vita vya Pili vya Dunia, inahesabu reli, bandari na malori, na ukizembea jeshi lako linadhoofika kweli. Lakini kinachoonekana ni namba na rangi kwenye ramani. Ramani ikiwa nyekundu, unabonyeza, unajenga reli. Aliyeibeba ile reli yuko wapi?

Kwa hiyo darasani nilizima kompyuta nikatoa maharage. Kila kikundi kilipewa kazi moja: fikisheni chakula kwa askari walio mbele. Mpagazi mmoja amebeba kilo 25, naye anakula kilo moja kwa siku. Punje moja, kilo moja. Kambi ikiwa mwendo wa siku tano, anakula tano kwenda na tano kurudi, anawaachia askari kilo 15. Siku kumi, anaacha tano. Siku kumi na mbili, anaacha moja. Siku ya kumi na tatu mabinti wa kikundi cha dirishani wakainua mikono: mwalimu, huyu sasa amebeba tumbo lake tu, na bado kurudi hakutoshi.

Wakaanza kutafuta njia, kama wachezaji wazuri. Wengine wakaweka ghala katikati, wakagundua ghala nalo linataka wapagazi wa kulijaza. Wengine wakaongeza watu, maharage yakaisha. Mpwa wangu, ambaye alikuwemo na ndiye fundi wa magemu, akakaa kimya muda mrefu akizichezea punje zake. Kisha akasema: "Si tuwape nusu chakula. Halafu tusihesabu kurudi."

Hesabu ikatoka. Kikundi chake ndicho pekee kilichofikisha mzigo siku ile, na wenzake wakaanza kumpigia makofi. Yeye hakupiga. Alikuwa anaangalia zile punje alizozisukuma pembeni ya dawati, akaniuliza hizi aziweke wapi.