Mkono Mweusi: Barua za Vitisho kwa Matajiri wa Kiitaliano Nchini Marekani

Mabibi na mabwana,

Mwezi Agosti mwaka 1903, mkandarasi mmoja wa Brooklyn, Nicola Cappiello, alipokea barua iliyomtaka afike kesho yake mchana kwenye njia panda aliyotajiwa, la sivyo nyumba yake ingelipuliwa kwa baruti na yeye na jamaa zake wangeuawa. Na akithubutu kuwaeleza polisi, adhabu ingekuwa ile ile. Chini ya barua hapakuwa na jina la mtu, ila maneno mawili tu: Mano Nera, yaani Mkono Mweusi.

Cappiello hakwenda. Ndipo walipojitokeza rafiki zake wa siku nyingi, wakajitolea kumsuluhisha na hao wasiojulikana, na kwa hisani yao deni likashuka kutoka dola 10,000 hadi 1,000. Alilipa. Haukupita muda akadaiwa tena, na hapo ndipo alipokwenda polisi, ikabainika kwamba wasuluhishi ndio waliokuwa wadai. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini kwa Cappiello kilikuwa kikija sebuleni na kukaribishwa kiti.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu magazeti ya wakati ule yaliuandika Mkono Mweusi kana kwamba ni chama kimoja chenye mkuu wake na matawi yake. Nionavyo mimi, nguvu ya jina hilo ilikuwa kwamba halikuwa na mwenyewe. Yeyote aliyekuwa na kalamu aliweza kuchora jambia, jeneza au fuvu la kichwa, akatia sahihi hiyo, na hofu iliyokwisha kupandwa na wengine ikamfanyia kazi. Alichohitaji zaidi ni habari za ndani: nani kauza duka, nani kapata zabuni. Habari hizo jirani anazo.

Waathiriwa nao walikuwa na sababu ya kunyamaza. Wengi walitoka kusini mwa Italia, ambako serikali haikuaminiwa, na polisi wa New York waliojua Kiitaliano walikuwa wachache mno. Joseph Petrosino, afisa wa polisi wa New York aliyezaliwa Padula, kusini mwa Italia, alipewa kikosi kidogo cha kupambana na uhalifu huo. Mwaka 1909 alitumwa Italia kutafuta kumbukumbu za wahalifu waliohamia Marekani, na tarehe 12 Machi akauawa kwa risasi mjini Palermo, katika uwanja wa Piazza Marina. Muuza mboga aliyesikia habari hiyo angempelekea nani barua yake?

Mwimbaji Enrico Caruso alithubutu. Mwaka 1910 alidaiwa dola 15,000; polisi wakatega kifurushi, na watu wawili wakakamatwa.

Wanaosahaulika katika masimulizi haya ni watu wa posta. Huko Ohio mwaka 1909, wafanyabiashara wa matunda walipokuwa wakiandamwa kwa barua, wakaguzi wa posta chini ya Frank Oldfield walimshuku mteja mmoja wa mji wa Marion. Stempu alizouziwa zilitiwa kwanza alama ya siri. Kisha ikawa ni kungoja tu barua za vitisho zifike kwa walengwa, na kuzikagua pembeni mwa bahasha.