Paka Anayekojoa Nje ya Mchanga Wake: Mhadhara kwa Wafugaji wa Mjini

Assalamu alaykum, na habari za jioni. Wazee wangu, akina mama, vijana, ahsanteni kwa kuja.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Dar es Salaam. Nimeombwa nizungumzie paka wa ndani wanaokojoa kitandani, kwenye mswala, kwenye kapu la nguo, popote isipokuwa kwenye mchanga wao. Najua wengine mmekuja mkiwa mmeshachoka, na pengine kuna aliyeambiwa na mwenzake nyumbani, "achague, mimi au paka." Tutafika huko. Lakini hata mkisahau yote nitakayosema leo, hili moja lishikeni: paka dume anayechuchumaa akajikamua na mkojo hautoki ni mgonjwa wa dharura. Asingoje kesho.

Mtazameni vizuri. Anaingia kwenye mchanga, anachuchumaa, mgongo unapinda, anakaa muda mrefu. Anatoka, anajilamba chini ya mkia, anarudi tena. Safari nyingine anachuchumaa kwenye vigae vya bafuni, na likitoka tone moja lina rangi ya damu. Mwenye paka anadhani amefunga choo, anampa mafuta ya kula. Kumbe njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, na chembechembe zikigandamana na ute zinaiziba kabisa. Kibofu kinajaa mpaka ukimpapasa tumboni unakigusa, kigumu kama chungwa. Figo zinashindwa kuchuja damu, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Yote hayo hutimia ndani ya siku mbili tatu, pengine hata mapema zaidi. Na tafadhali sana, msimpe panadoli. Ini la paka haliwezi kuishughulikia dawa hiyo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Sasa tuje kwa yule ambaye mkojo unatoka, ila unatoka mahali pasipotakiwa. Naye aanzie kwa daktari. Paka mzee anaweza kuwa na kisukari au figo zimechoka, anakunywa maji mengi na mkojo unamzidi nguvu. Au viungo vinamuuma, na lile beseni lenye ukingo mrefu limekuwa ukuta asioweza kuupanda. Mkatieni upande mmoja, aingie kwa kutembea.

Kwa paka kijana au wa makamo, tunachokiona zaidi ni kibofu kuvimba na kuuma bila ya kuonekana mdudu wala jiwe. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zenu nyingi zinapopotelea. Mtu anaona matone ya damu, anakwenda duka la dawa, ananunua antibayotiki, anampa paka, na baada ya wiki paka yuko salama. Anaamini dawa imemponya. Lakini kwa paka aliye chini ya miaka 10, bakteria ndio chanzo kwa wachache sana, na maumivu ya aina hii mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki moja hivi, dawa au bila dawa. Baada ya muda yanarudi, maana kilichoyaleta bado kipo nyumbani.

Kilichoyaleta, mara nyingi, ni wasiwasi. Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani aliishughulikia hali hii kwa miaka mingi, na kazi yake ilituonyesha kwamba kuyarekebisha maisha ya paka ndani ya nyumba ni tiba ya kweli. Mgeni aliyehamia, mtoto mchanga, mafundi wanaobomoa ukuta jirani, paka shume anayekuja dirishani kila usiku kumtishia: yote hayo paka anayabeba mwilini. Mpeni pa kupanda juu, pa kujificha, saa za kula zisizobadilika, na dakika chache za kucheza naye kila siku. Muongezeeni maji pia. Wale mnaompa vyakula vikavu vya dukani tu, changanyeni na supu ya samaki isiyo na chumvi, na kitunguu kisiguse sufuria hiyo hata kidogo, kwani kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka.

Kuna pia kupulizia, ambako ni jambo tofauti. Anasimama wima, anauelekeza mgongo ukutani au kwenye pazia, mkia unatetemeka, anarusha mkojo kidogo. Huyo anaweka alama ya mipaka yake. Kama ni dume asiyehasiwa, mhasini. Madume wengi sana, karibu tisa katika kila kumi, huacha au hupunguza sana.

Haya, daktari amempima na hana ugonjwa. Tuangalie choo chake.

Asili ya paka wetu ni paka mwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kuchimba udongo laini, kukojoa na kufukia ni tabia anayozaliwa nayo, hakuna aliyemfundisha. Huko Marekani nako, kabla ya mwaka 1947, watu waliwawekea paka majivu, mchanga au vumbi la mbao, kama wengi wenu mnavyofanya. Mwaka huo Edward Lowe wa jimbo la Michigan alimpa jirani yake udongo mkavu unaofyonza, na biashara ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Kwa hiyo asiyeweza kununua ule wa dukani asione haya. Mchanga laini wa mtoni, uliochekechwa na kuanikwa juani, paka anaupenda. Asichopenda ni kokoto, na wengi wao hawapendi ule uliotiwa manukato. Manukato yale yametengenezwa kwa ajili ya pua zetu.

Beseni liwe kubwa: urefu wa paka mmoja na nusu, bila kuhesabu mkia. Vile visanduku vidogo vyenye paa vinavyouzwa madukani huhifadhi harufu ndani, na paka akiwa mle hamuoni anayekuja. Kinyesi kiondolewe kila siku, na mchanga wote umwagwe mara kwa mara. Idadi ya mabeseni iwe sawa na ya paka, kisha ongeza moja. Najua kwenye fleti za Kariakoo na Upanga nafasi ni ndogo. Lakini mabeseni matatu yaliyopangwa mstari mmoja kwenye balkoni, kwa paka ni choo kimoja, na paka mbabe akikaa mlangoni mwa balkoni mwenzake ataishia kwenye godoro lenu. Yatawanyeni. Msiyaweke karibu na chakula, wala pembeni ya mashine ya kufulia inayoanza kunguruma ghafla, wala bafuni ambako mgeni atafunga mlango usiku kucha.

Nimeulizwa mara nyingi kama paka analipiza kisasi. Umesafiri, umerudi, umekuta kitanda kimelowa. Hapangi kisasi. Nyumba imebadilika, mtu wake hayupo, ameingiwa na hofu. Ukimkamata ukamsugulia pua kwenye mkojo, anajifunza jambo moja tu, kwamba wewe ni wa kuogopwa, na safari ijayo atakojoa nyuma ya kabati usipomuona.

Sasa usafi. Masheikh wetu wanatufundisha kwamba paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake ni najisi. Mswala ukioshwa vizuri mkaridhika kwamba umetahirika, bado pua ya paka inaweza kuukuta mkojo pale pale, kwa sababu ndani yake mna chembe za asidi ya yuriki zisizoyeyuka kirahisi kwa maji. Ndiyo sababu masika ikiingia na hewa ikawa na unyevu, harufu mliyodhani imekwisha inarudi. Nyonyeni mkojo kwa kitambaa, suuzeni kwa maji baridi, kisha loweka kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, iachwe ifanye kazi kabla ya kusuuza tena. Godoro linataka kurudiwa. Kupata madoa ya zamani, zimeni taa usiku mmulike kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia: mkojo mkavu unang'aa.

Jiki hapana. Ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma mapafu, yenu na ya paka. Na dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, Dettol ikiwamo, ni sumu kwake. Anazikanyaga sakafuni, anajilamba miguu, anazimeza.

Mama aliyekaa mbele ameinua mkono. Anasema paka wake amezoea kukojoa kona moja ya sebule, na kila wakisafisha anarudi. Mama, huyo ameshakuonyesha anapopataka. Safisha kama nilivyoeleza, halafu weka beseni hapo hapo kwenye kona, hata kama sebule itapoteza sura kwa muda. Akishalitumia kila siku kwa wiki kadhaa, lisogeze kidogo kidogo, upana wa kiganja kwa siku, kuelekea unapotaka wewe. Akikojoa tena nje, umeharakisha. Rudisha lilipokuwa juzi, na anza upya kutoka hapo.