Upinde Unapotetemeka

Ndugu zangu wanamuziki, na ninyi walimu mliokaa huku mbele, nianze na upinde wa fidla. Hofu ya jukwaani haiuumbui kwenye noti za kasi na kishindo. Inaungoja pale penye noti moja, ndefu, ya chinichini. Kiganja kimepoa, moyo unadundia vidoleni, sauti inakatikakatika, na ukumbi mzima umesikia.

Mwaka 1897 simfoni ya kwanza ya Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi, iliharibika vibaya ilipopigwa kule St. Petersburg. Alikuwa kijana wa miaka 23. Karibu miaka mitatu akashindwa kutunga kazi yoyote kubwa. Mwanzoni mwa 1900 akaanza kwenda kwa daktari Nikolai Dahl, miezi kadhaa, na mwaka uliofuata konseto yake ya pili ya piano ikapigwa yote. Alimtunukia Dahl. Konseto tunaishangilia mpaka leo, daktari hatumtaji.

Sisi tunameza vidonge. Uchunguzi wa mwaka 1987 katika okestra za Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya wanamuziki walishawahi kutumia dawa za kutuliza mapigo ya moyo. Simlaumu anayezitumia kwa ushauri wa daktari. Ila kupeana propranololi, mojawapo ya dawa hizo, nyuma ya jukwaa kama peremende! Mwenye pumu inaweza kumbana kifua papo hapo.

Mtauliza, mwanamuziki mwenye hofu kwa nini hasemi? Katika okestra nyingi mgeni huwekwa kwenye majaribio, na wanaompigia kura ni wenzake. Pengine yule anayesoma naye noti kwenye stendi moja. Wewe ungemwambia huyo kwamba hulali usiku? Ndiyo maana mshauri anayeripoti kwa uongozi hatamsaidia mtu. Awe wa nje, siri zibaki kwake, na malipo yake yasipite kwa anayepanga nani aketi kiti cha mbele.

Halafu kuna sisi walimu. Mwanafunzi akikosea bari ya tatu, yaani kipande kifupi cha tatu cha muziki, tunamkatisha, bari ya tano tunamkatisha. Mkono unajifunza kungoja kukemewa, na jukwaani unaendelea kungoja. (Nami nimefundisha hivyo miaka mingi, msinitazame.)

Sasa yule binti wa fidla aliyeketi karibu na mlango, njoo. Tupigie bari nane, taratibu. Ukikosea, endelea. Walimu, kalamu chini.