Elfu Thelathini kwa Sekunde 54
(Mhadhara kwa madereva, makonda na wenye magari, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu madereva, makonda, vijana wa bodaboda, na ninyi wenye magari mlioacha shughuli zenu, ahsanteni kwa kuja.

Nianze na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, maana huko stendi ndiyo inayolalamikiwa kuliko yote. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Kwenye makazi ya watu, mwisho kilomita 50 kwa saa. Basi au lori la zaidi ya kilo 3,500, hata porini, lisivuke 80. Ukipigwa tochi unasimamishwa mbele ya safari, trafiki anakuonyesha picha kwenye simu: namba ya gari, saa, mwendo 71. Unaandikiwa faini ya shilingi 30,000, unapewa namba ya malipo, unaondoka. Abiria wengine hata usingizini hawajatoka.

Hapo ndipo panaponiuma. Aliyekuwa na 56 anaandikiwa 30,000. Aliyepita shuleni na 95 naye 30,000, isipokuwa trafiki aamue kumfikisha mahakamani. Nauli ya abiria wawili wa Dar inaimaliza! Adhabu ya namna hiyo dereva anaiweka kwenye hesabu ya safari pamoja na dizeli, na mguu unabaki palepale.

Ufini wamefanya vingine. Kosa kubwa la mwendo linatozwa kwa kipato cha mtu. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland alikutwa na 82 kwenye kibao cha 50, akalipa euro 121,000, na leseni ikazuiwa siku kumi. Sisemi tuige kila kitu. Nasema kima cha faini kipande kadiri mwendo ulivyopanda, na kwa anayerudia, leseni iguswe.

Sasa twendeni Muheza, msimu wa machungwa. Mnapajua. Muuzaji ameinua beseni, mteja yuko ng'ambo, mtoto anakatisha lami kufuata chenji. Dereva mwenye 50, gari zima, lami kavu, anatumia kama mita 14 kabla mguu haujafika kwenye breki, na nyingine 14 hadi asimame. Jumla 28. Mwenye 80 anahitaji mita 57. Lakini sikilizeni hili: pale kwenye mita 28, mwenzake alipokwisha kusimama, yeye bado ana zaidi ya 70. Hapo nimehesabu gari dogo. Basi lililojaa, na mizigo juu, linakwenda mbali zaidi.

Na amepata nini? Kijiji cha kilomita mbili ukikipita kwa 50 ni dakika mbili na sekunde 24. Kwa 80 ni dakika moja na nusu. Sekunde 54. Konda akishusha gunia moja tu zimekwisha.

Mnawashiana taa kuambiana trafiki yuko wapi. Naelewa, ni udugu wa barabarani. Ila mwenzako akishapita tochi anakanyaga kufidia, na anafidia kijiji kinachofuata, ambako hakuna trafiki, kuna watu.

Nawageukia mabosi, na naomba msinikasirikie. Faini ya mwendo wengi mmemwachia dereva ailipe mfukoni mwake. Lakini nani aliyempangia saa ya kufika Dar? Nani anayepiga simu akifika Mkata kumuuliza mbona fulani ameshakupita? LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wana mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi, na kinachoonekana humo nanyi mnaweza kukiona mkitaka. Basi faini ya mwendo imfike mwenye gari pia, na ratiba zifunguliwe tuzitazame. Ratiba isiyotimizika bila kuvuka 80 irudishwe kwa aliyeipanga.

Nimeona mikono kule nyuma. Mzee mwenye kanzu, karibu uanze wewe.