Riwaya Moja, Mbuzi Wangapi?

Habari za jioni, ndugu zangu. Tumeulizwa kama watu wa dunia za kubuni, yaani majitu, wenye mabawa na wakazi wa chini ya bahari, wangesoma riwaya. Waandishi wengi hapa Dar huwajengea maktaba kabla ya kuwapa karatasi. Sisi tuanzie zizini.

Chukua riwaya ya maneno 60,000. Ukurasa ukibeba maneno 250, hizo ni kurasa 240, yaani vipande 120 vilivyoandikwa pande mbili. Pasipo karatasi ni ngozi. Tuseme mbuzi mmoja anatoa vipande vinane visivyo na tundu: mbuzi 15, nakala moja! Tena huchinji leo ukaandika kesho. Ngozi hulowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee, ikakwanguliwa, ikawambwa kwenye fremu kama ya ngoma, ikakwanguliwa tena huku ikikauka. Ukiianika bila kuiwamba inajikunja na kukakamaa, kalamu haipiti. Hata ikishaiva, unyevu kama wa masika yetu huivimbisha, ndiyo maana vitabu vya ngozi vilibanwa kwa mbao na vifungo. Wino si kazi: masizi, gundi ya mgunga, maji. Lakini mnakili wa maneno 2,000 kwa siku atakaa mwezi mzima. Nani atayalipia yote hayo kwa ajili ya uongo?

Tajiri, labda. Wengine watasikiliza. Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili, uliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728, kwa herufi za Kiarabu, beti zaidi ya elfu moja. Lakini mizani, yaani silabi, nane kila kipande cha ubeti na kina cha mwisho kisichobadilika ni vitu vya sikio. Mghani mmoja, ukumbi mzima. Kwa hiyo usimwekee mkulima wako kitabu mtungini. Mpe jirani anayejua kusoma, na mafuta ya taa.

Halafu kuna uchawi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mnalijua kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa. Maandishi hayo yanatenda. Sasa kama katika dunia yako kila kinachoandikwa kinatenda, nani atathubutu kuandika “mfalme akafa”? Hadithi itabaki mdomoni, ambako “paukwa” ikijibiwa “pakawa” kila mtu ameshajua kinachokuja. Kitabu hakina mtu wa kuitikia. Itabidi uwabunie alama: wino wa rangi fulani, jalada la namna yake, herufi ya kwanza iliyopinduliwa. La sivyo jitu lako litaibeba riwaya mpaka kwa kadhi, na kuidai mirathi iliyotajwa sura ya tatu.