Sauti Imezibwa Wapi? Mhadhara kwa walimu na mafundi wa maabara za kompyuta

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie sauti kwenye kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux: kuipandisha, kuishusha, na kuitafuta inapopotea. Najua baadhi yenu mmekuja na mashine zilizonyamaza, nimeziona zimepangwa pale dirishani. Tutazifikia. Kwanza niwaeleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia maabara ya kompyuta katika shule moja ya sekondari yenye wanafunzi wasioona. Mwanafunzi asiyeona hatazami skrini, anaisikiliza. Programu iitwayo Orca husoma kilichoandikwa, humkabidhi mtamkaji kama espeak-ng, naye hutoa maneno spikani. Asubuhi moja, mashine ya kijana wa kidato cha tatu ikawa bubu, wiki ileile ya mtihani wa majaribio. Jioni iliyotangulia tulikuwa tumeweka masasisho, basi sote tukayalaumu masasisho. Fundi akashauri tufute kila kitu tuweke mfumo upya. Tukakubali. Saa tatu zikaisha, mfumo mpya ukawaka, na mashine ikabaki bubu vilevile. Yule kijana alikaa pembeni muda wote huo, mikono juu ya kibodi, akisubiri.

Kumbe tundu la hedifoni lilikuwa limeingia vumbi. Kile kipande kidogo ndani yake kinachogusa plagi kilikuwa kimekwama, kikiiambia kompyuta kwamba hedifoni imechomekwa. Kompyuta ikatii, ikazima spika. Tulichomeka plagi na kuichomoa mara tano sita, na Orca ikaanza kusema.

Tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja ninalolirudia kwa kila anayeniletea mashine iliyonyamaza: usifute mfumo. Sauti mara nyingi haijafa, imezibwa mahali. Waliokulia kwenye kilimo cha umwagiliaji wananielewa. Maji yasipofika shambani kwako, huchimbi mfereji mpya. Unapanda mpaka kwenye banio, unatazama kama maji yanaingia, kisha unashuka nayo hatua kwa hatua mpaka ufike palipozibwa. Sisi tulianza kwa kuchimba mfereji mpya, tukampotezea mtoto wa watu asubuhi nzima.

Sasa banio la sauti liko wapi? Liko kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya sauti, ndani ya kiini (kernel) cha Linux. Fungua dirisha la amri (terminal), andika hivi:

cat /proc/asound/cards

Ukiona orodha ya kadi, hata moja, jua kiini kimeitambua kadi yako na draiva ipo kazini. Ukiona maneno "no soundcards", basi maji hayaingii kabisa, na hakuna maana ya kuhangaika na vitufe vya sauti vya juu. Hapo andika lspci -nnk, tafuta mstari wenye neno Audio, na chini yake utasoma jina la draiva inayotumika. Kwenye mashine nyingi tulizonazo mashuleni litakuwa snd_hda_intel. Msishangae mkilikuta hata kwenye kompyuta yenye chipu ya AMD. Jina limetokana na mpangilio ambao Intel iliutoa mwaka 2004, na watengenezaji wengine wakaufuata, kwa hiyo draiva moja inawahudumia wengi.

Hapa nina ombi kwa wale waliotokea kwenye Windows. Kule tulizoea kwamba sauti ikipotea unaingia intaneti kutafuta draiva ya Realtek uipakue. Kwenye Linux draiva ya kodeki za Realtek, yaani chipu zake za sauti, imo tayari ndani ya kiini. Mtu akikupa faili alilolipakua asikojua, akakwambia hii ndiyo draiva ya sauti ya Linux, mrudishie kwa heshima.

Kipo kisa kimoja ambacho draiva ipo lakini haitoshi. Laptopu nyingi mpya za Intel zina kichakataji kidogo cha sauti ndani yake, nacho kinahitaji kupakiwa programu yake maalumu kila mashine inapowaka. Programu hiyo inatoka katika mradi wa Sound Open Firmware, na kwenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, kifurushi chake kinaitwa firmware-sof-signed. Kwa miaka mingi diski rasmi za kuwekea Debian hazikubeba vifurushi vya aina hiyo, na watu walimaliza kuweka mfumo wakaambulia ukimya. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilibadili utaratibu huo. Kama mnaweka toleo la zamani zaidi kwenye laptopu ya karibuni, kagueni hapo mapema.

Nirudi nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu historia hii itawaokolea muda. Mwaka 1992 Mfini aitwaye Hannu Savolainen aliandika draiva za kadi za sauti za Linux, zikakua na kuwa kile kilichoitwa OSS, yaani Open Sound System. Programu zilipeleka sauti kwenye faili moja, /dev/dsp, na kwa kadi nyingi programu moja ikilishika, nyingine husubiri. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, kutoka Jamhuri ya Cheki, akaanzisha ALSA, mfumo mpya wa draiva za sauti, kutokana na draiva ya kadi aina ya Gravis Ultrasound. ALSA ikaingia rasmi kwenye kiini 2.6, Desemba 2003, na ndiyo tuliyo nayo mpaka leo. Kwa hiyo ukikuta maelekezo yanayokutuma kwenye /dev/dsp, funga ukurasa huo. Anayekuelekeza anaishi kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Haya, tumeona maji yanaingia banioni. Tushuke. Lango linalofuata ni mizani ya ALSA yenyewe, na amri yake ni alsamixer. Hapa ndipo nimepata majibu mengi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukiifungua, huenda ukaona nguzo moja tu. Wengi huishia hapo wakasema, mbona iko juu? Hiyo siyo kadi yako. Hicho ni kivuli kilichowekwa na seva ya sauti, nitaieleza punde. Bonyeza F6, chagua kadi halisi. Sasa zitatokea nguzo kadhaa: Master, Headphone, Speaker, PCM, na nyingine kutegemea mashine. Chini ya kila nguzo kuna kiboksi. Kikiandikwa MM, nguzo hiyo imenyamazishwa. Kikiandikwa 00, iko wazi. Nenda kwa mishale ya pembeni mpaka kwenye iliyofungwa, bonyeza herufi M, itafunguka. Nguzo inaweza kuwa imejaa mpaka juu na bado imenyamazishwa, kwa sababu kiwango na kunyamazisha ni vitu viwili tofauti. ALSA ina desturi ya tangu zamani ya kuanza na njia zake zimefungwa, na ni programu nyingine ndizo huzifungua mashine inapowaka. Zisipofanya kazi yao, unabaki na Master iliyojaa na Speaker iliyofungwa, na mtu anaapa kwamba kadi imeungua.

Ukiendelea kulia utakuta kitu kinaitwa Auto-Mute Mode. Ndicho kinachozima spika hedifoni ikichomekwa. Ningekijua siku ile ningemwokolea yule kijana saa zake tatu. Siyo lazima kukizima, kwa maana ni kizuri kwenye darasa lenye watu wengi. Ila spika zikinyamaza huku hedifoni zikisikika vizuri, mtuhumiwa wa kwanza ni huyo, na wa pili ni vumbi la tundu.

Maikrofoni nazo ziko humo humo. F4 inakuletea njia za kurekodi. Usipandishe ile iitwayo Boost mpaka mwisho, utarekodi mvumo wa feni.

Ukimaliza, andika sudo alsactl store. Mipangilio itahifadhiwa kwenye /var/lib/alsa/asound.state, na itarudishwa mashine ikiwashwa tena. Mwalimu mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba kila asubuhi anaanza upya kufungua Speaker. Alikuwa hajui amri hiyo.

Chini ya lango hilo liko la tatu, seva ya sauti. Kazi yake ni kuchanganya sauti za programu mbalimbali na kuzigawa: hii iende spika, hii iende hedifoni za Bluetooth. PulseAudio ilianza mwaka 2004 kwa mkono wa Lennart Poettering. Fedora 8 iliipokea mwaka 2007, Ubuntu 8.04 mwaka uliofuata (hizo nazo ni aina za Linux), na miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa na matatizo mengi ya kweli. Ndiyo maana bado mtakutana na ushauri wa "iondoe PulseAudio". Ulikuwa na sababu zake wakati huo, leo utawaharibia eneo-kazi zima. Siku hizi mashine nyingi zina PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans. Fedora 34 iliiweka mahali pa PulseAudio mwaka 2021, Ubuntu ikafuata na 22.10. Kujua mnayo ipi, andikeni pactl info mtazame mstari wa Server Name.

Kwenye lango hili kosa kubwa ni sauti kupelekwa kusiko. Njia ya HDMI, ile inayounganisha skrini kwa waya, mara nyingi huonekana kama kadi nyingine ya sauti. Mashine inaona skrini, inasema ndiyo spika, inapeleka sauti huko, nayo skrini haina spika. Weka programu iitwayo pavucontrol. Ina vichupo vitano, na cha mwisho, Configuration, ndicho watu hukisahau. Hapo kila kadi ina wasifu wake (Profile), yaani namna inavyotumika. Ukikuta kadi yako imewekwa Off, umeshapata jibu. Kadi ya HDMI isiyohitajika iweke Off, mashine haitaikimbilia tena. Wanaopenda amri, kama mashine ina PipeWire, watumie wpctl status: chombo chenye nyota ndicho kinachotumika, na wpctl set-default pamoja na namba yake hubadilisha.

Seva ya PipeWire ikikwama, msiwashe upya kompyuta. Andikeni systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse. Msitie sudo mbele yake. Seva hii ni ya mtumiaji aliyeingia, siyo ya mfumo mzima.

Kuhusu kupandisha zaidi ya asilimia 100. Najua laptopu zina spika ndogo na darasa lina kelele. Lakini asilimia 100 ndipo sauti inapofika kama ilivyo. Ukivuka hapo programu inaivuta kwa hesabu, na vilele vya mawimbi vinakatwa. Kwenye muziki utasikia mkwaruzo. Kwenye maneno ya Orca unapoteza konsonanti, na mwanafunzi anabaki kubahatisha kama amesikia "pata" au "kata". Pandisha kwanza nguzo za ALSA, na zisipotosha nunua spika ya nje. Jueni pia kwamba nusu ya kipimo kwenye seva hizi siyo nusu ya nguvu. Asilimia 50 ni kama desibeli 18 chini ya kiwango kamili, kwa sababu kipimo kimepangwa kifuate sikio. Anayeiacha kwenye 30 akasema spika ni dhaifu, anaionea spika.

Sasa jambo ambalo walimu wa wasioona huniuliza zaidi ya yote: mbona Orca inameza silabi ya kwanza? Unabonyeza kitufe, badala ya "Hifadhi" unasikia "fadhi". Sababu ni usingizi. Seva huilaza kadi ikikaa sekunde tano bila sauti, na draiva nayo inaweza kuizimia umeme kuokoa betri. Sauti mpya ikifika, chipu inachelewa kuamka. Mtu anayesikiliza muziki hataona tofauti, lakini anayeishi kwa maneno mafupi mafupi ya Orca anapoteza kila mwanzo. Tazameni:

cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Ikitoka namba yoyote zaidi ya sifuri, tengenezeni faili ndani ya /etc/modprobe.d, jina lolote lenye mwisho wa .conf, mwandike humo mstari huu mmoja: options snd_hda_intel power_save=0. Washeni upya. Mara nyingi ule mlio wa "tik" unaosikika spika zikiamka nao unapotea. Betri italiwa kidogo, na kwa mwanafunzi asiyeona mimi naona ni bei halali. Kama silabi bado zinamezwa, usingizi uliobaki ni wa seva, nao, kwenye PipeWire, unaondolewa katika mipangilio ya WirePlumber, programu inayoisimamia.

Kuna aliyeandika swali la hedifoni za Bluetooth kuwa na sauti mbovu ya simu. Programu fulani imefungua maikrofoni yake, na hedifoni zimehamia wasifu wa simu. Tumia maikrofoni ya laptopu, sauti nzuri itarudi.

Nimemaliza yangu ya mdomo, tushike mashine. Ile laptopu nyeusi ya kwanza pale dirishani ni ya nani? Mama, ilete hapa mbele. Usichomeke hedifoni bado. Fungua dirisha la amri, andika cat /proc/asound/cards, kisha utusomee ulichokiona ili na waliokaa nyuma wasikie. Kadi ikiwepo tutashuka nayo lango kwa lango, na tukifika mwisho utaandika espeak-ng -v sw "Karibuni", tuisikie inavyotamka.