Kutafuta Cheo Ukiwa Umechoka

Habari za jioni, ndugu zangu. Najua wengi mmekuja hapa moja kwa moja kutoka kazini, kwa hiyo sitazunguka.

Wapo watakaoniambia mshika mawili moja humponyoka: chagua afya au chagua cheo. Mimi sikubali. Vyote viwili vinawezekana, ila kwa sharti kwamba ujue kwanza ni nini hasa kinachokuchosha. Wengi hawajui. Wanaomba kupandishwa wakidhani wanaikimbia kazi inayowamaliza, kumbe wanaomba waongezewe kilekile.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu wa kazi, ule Waingereza wanaouita burnout, kwa wafanyakazi wa kliniki za bure kama ile aliyohudumu mwenyewe jijini New York. Aliona kwamba waliojitoa kwa moyo wote ndio waliokuwa hatarini zaidi. Wavivu, kwa bahati yao, hawakumtia wasiwasi. Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akauchambua uchovu huu katika sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kuwakejeli watu wake, na kujiona hufanyi lolote la maana.

Hebu tuzitazame kwa karibu. Unafungua barua pepe ya mistari minne, unaisoma mara tatu, unaifunga bila kujibu. Hapo nguvu zimekwisha. Kikaoni mwenzako anatoa wazo, nawe unaguna kabla hajamaliza sentensi. Hiyo ni sura ya pili, na ndiyo itakayokunyima cheo. Bosi humvumilia mtu aliyechoka. Anayeguna kila kikao hapewi watu wa kuwaongoza.

Sasa, chanzo. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba msongo mkubwa unatokana na kazi nyingi zikikutana na uhuru mdogo wa kuamua. Kwa hiyo ukiona nafasi imetangazwa, usiangalie mshahara peke yake. Uliza: nitaamua nini ambacho leo siamui? Nitapanga ratiba? Nitachagua watu wangu? Kama jibu ni ndiyo, huenda cheo hicho kikakupunguzia uchovu hata kama kazi imeongezeka. Kama utapewa ripoti zaidi na kila kitu bado kinasubiri sahihi ya mtu mwingine, fikiri mara mbili.

Na hapa niseme wazi juu ya kukaimu. Mtu anakaimu miezi na miezi, anafanya kazi yake ya zamani na ya aliyeondoka, kwa ahadi kwamba atathibitishwa. Ukiombwa kukaimu, kubali kama unaitaka nafasi, lakini omba barua yenye tarehe ya mwisho, posho yake, na jina la atakayebeba kazi yako ya sasa. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, nalo ndilo linalowaangusha.

Kuhusu saa za kazi sitasema mengi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Mkitaka kubishana na takwimu hizo, karibuni.

Kabla ya kwenda kuomba chochote, andika kazi zako zote za wiki mbili. Weka alama kwenye zile ambazo anayekupima anaziona. Utashangaa ni chache kiasi gani. Zilizobaki, nyingine ni za lazima, lakini nyingine unazifanya kwa sababu hukuwahi kukataa. Bosi akileta jipya, usiseme "siwezi." Sema, "Nalichukua. Kati ya hizi mbili, ipi isubiri?" Uamuzi umerudi kwake, na wewe hujaonekana mzembe.

Neno moja la tahadhari. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uchovu huu kuwa hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Lakini sonona ni ugonjwa, na dalili zake hufanana nao. Kama hata siku za mapumziko huna hamu ya chochote, usingizi umepotea, au unawaza kujidhuru, hilo si suala la cheo tena. Nenda kwa daktari wiki hii.

Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na dada pale nyuma.